Nyuki Waliosimamisha Treni ya Kigoma

Harufu ya nta ikiyeyuka juu ya makaa haijawahi kuniacha salama. Ikinifikia tu, jiko langu linatoweka, najikuta tena kwenye lango la karakana ya reli pale Tabora, mtoto wa miguu ya vumbi, nimembebea baba chakula.

Karakana ile haikujua kunyamaza. Nyundo, mvuke, chuma kukwaruza chuma. Sisi wa nyumba za jirani tulizoea kuongea kwa kupayuka, hata kanisani. Siku hiyo nilipokelewa na kimya. Na ndani ya kimya kile, mvumo.

Nyuki walikuwa wamefunika ubavu wa garimoshi la Kigoma. Walining'inia kama ndevu za jitu, wakipanda na kushuka pamoja, kana kwamba lile lichuma lilikuwa linapumua. Sijui nilisimama muda gani. Mafundi wote walisimama vilevile, nyundo mikononi, kama watu waliotokewa na mfalme.

Msimamizi, Mzungu wa masharubu ya rangi ya mahindi, alikuwa ameshaleta debe la mafuta ya taa. Baba yangu, mtu wa Ipole, aliyejua mizinga ya nyuki kabla hajaijua spana, akamzuia.

"Usichome, Bwana. Nitawahamisha."

"Hamisha basi!"

"Sasa hivi siwezi. Asubuhi nimegombana na mke wangu."

Hakuna fundi aliyecheka. Kwetu mtu hawaendei nyuki na ugomvi wa nyumbani kifuani. Wanaunusa, na watamuua. Mzungu alitazama saa yake, akasema treni inaondoka adhuhuri, ikifika hapo anawasha kiberiti.

"Nyamizi, kimbia," baba akaniambia. "Mwite mama yako. Mwambie namwomba sana."

Mama alikuja na unga mikononi, wala hakuharakisha.

"Shemeji, tuokoe!" mafundi wakamlilia. "Msamehe huyu, hata kama hafai!"

"Hafai, mmesema wenyewe."

Waliyegombana kwa ajili yake ni mimi. Baba alikuwa amesema shule ya masista ya nini, mtoto wa kike ataolewa tu.

"Baba Nyamizi," mama akauliza mbele ya wanaume wote wale, "mtoto ataenda shule?"

"Tutazungumza nyumbani."

"Basi wachomwe." Akageuka, akashika njia ya langoni.

"We! Sema ndiyo, bwana!" fundi mmoja akapayuka. "Unaua nyuki kwa ubishi!"

Baba alitazama debe, akatazama nyuki. "Ataenda," akasema.

Mama akasimama. "Mpaka wapi?"

"Mpaka ashindwe mwenyewe."

Ndipo mama aliporudi, akachota maji, akayatia kinywani, akayapuliza chini miguuni pa baba. Kwetu ugomvi huishia hapo.

Baba alivua shati, akawapulizia nyuki moshi wa magome, akaingiza mikono mitupu. Walimpanda mpaka mabegani, akawa amevaa nguo inayotembea. Kidogo kidogo wakaingia kwenye mzinga aliouleta mwenzake. Waliutundika kwenye mti wa mninga nyuma ya tangi la maji, ukabaki huko utoto wangu wote. Nyuki wakinywa maji yanayovuja kwenye injini, mafundi wakilamba asali saa ya chakula, na Mzungu naye akilamba vidole.

Bwenini kwa masista niliwasimulia wenzangu miaka na miaka jinsi baba alivyovaa nyuki.

Sasa nina binti. Juzi baba yake kanitamkia yaleyale, ataolewa tu, nami sina nyuki wala treni ya kunisaidia. Nimekasirika. Na katika hasira hiyo nimemwelewa mama. Baba aliwajua nyuki tangu utotoni, alijua watakavyofanya. Mama hakujua baba atajibu nini. Baba angenyamaza tu, nyuki wangeungua, na Tabora nzima ingemlaumu mwanamke mmoja mwenye unga mikononi. Mama akaondoka hivyohivyo, polepole, bila kugeuka nyuma.

Nami sikumtazama. Macho yangu yote yalikuwa kwa nyuki.