Vita vya Friji Nyumbani Bigwa

Mara ya mwisho baba kunizaba kofi nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa na kuachika, na kosa langu lilikuwa pasi. Nilikuwa nimeichomeka Jumanne asubuhi ninyooshe baibui la kwendea sokoni, na kwa sheria ya nyumba yetu pasi ilikuwa ya Ijumaa tu, kabla ya swala, nguo za watu wote kwa mkupuo mmoja. Sikumsikia akiingia. Niliona nyota kwanza, ndipo nikaisikia sauti yake ikisema, "Unaninyonya damu, wewe!" Nikaitupa pasi ukutani, mpini ukapasuka. Hasira zangu nimezirithi kwake, sina pa kukataa, na pale ndani hapakuwa na wa kutuamua ila mama, na mama hakuwa na kawaida ya kuingilia.

Baba hakuzaliwa bahili. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya miwa, na nyumba za kule umeme ulikuwa juu ya mwajiri. Taa zilikuwa zinawaka mchana kweupe, redio inaimba chumba kitupu, hakuna aliyejali. Alipostaafu tukahamia Bigwa, hapa Morogoro, chini ya mlima, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo, na hapo ndipo alipokutana na luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kile kimashine cha kusomea uniti kilipolia kwa mara ya kwanza kwamba umeme unakwisha, aliruka kitandani akidhani tumevamiwa. Tangu siku hiyo alikuwa anakilaza karibu na mto wake, na kila akimaliza swala, kabla hajakunja mswala, anakitazama.

Haki yake nimpe. Mengi aliyoyabuni yalifanya kazi. Maharage tuliyaloweka usiku, yakichemka kidogo tunaitoa sufuria na kuifunika kwa mablanketi ndani ya tenga, yanajiivia yenyewe mpaka mchana. Dari la sebuleni alilipaka rangi nyeupe ili taa moja itutoshe wote. Majirani walikuja kumuuliza, naye aliwaelekeza kwa upole ambao sisi wa ndani hatukuujua. Angekuwa mwalimu mzuri kama asingekuwa na mkono mwepesi.

Kwa sababu kila kosa lilikuwa na pigo lake. Ukisahau taa ya choo ni kofi. Hita ya maji niliyorudi nayo kutoka kwa mume wangu aliitoa uani akaiponda kwa nyundo, kipande kwa kipande, huku akihema, na mimi nimesimama pembeni namwapiza kimoyomoyo. Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya friji. Friji lilikuwa linazimwa baada ya isha na kuwashwa adhuhuri ya kesho yake. Katikati hapo halifunguliwi. Ukilifungua unachapwa mwiko vidoleni, na mama pia alichapwa.

Na ndani ya friji hilo ndimo ilimokaa dawa ya mama. Mama ana ugonjwa wa sukari, wa kujichoma sindano ya insulini. Kliniki walimwambia dawa ikae kwenye baridi, naye akaikunjia kipande cha kanga na kuiweka rafu ya chini, kwa adabu kabisa. Baba alisema friji likifungwa linatunza baridi yake, na sisi tukaamini, kwani fundi si yeye? Labda kule milimani ingekuwa kweli. Jiko letu lilikuwa na bati tupu bila dari, na joto la Morogoro mvua zikichelewa unalijua mwenyewe. Ikifika saa nne asubuhi, maziwa mle ndani yalikuwa yameshachacha.

Mama akaanza kuwa na kiu. Alikunywa jagi zima na kutaka jingine. Alikwenda chooni gizani, maana taa aliiogopa, akajigonga mlangoni mpaka paji la uso likavimba. Akakonda, gauni likawa linamning'inia. Kisha akasema anaona ukungu, na ukungu haukuwepo. Kliniki wakamwongezea dozi, sukari ikapanda. Wakaongeza tena, ikapanda tena.

Baba akaamua kwamba mama anakula vitamu kwa siri. Alianza msako. Alipekua kabati, akapindua godoro, akakuta ndizi mbivu nilizoletewa na wateja wangu wa sokoni wanaotoka Matombo, akazibamiza ukutani moja moja. Jioni moja nilimkuta amembana mama kwenye kona ya jiko, amemshika mataya, amemfungua mdomo, anamnusa.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, mume wangu."

"Niambie umekula nini!"

Akampiga. Mama akaangukia ndoo, maji yakamwagika, na baba akapiga kelele kuhusu maji pia. Nilimsukuma kwa mabega yote mawili, naye akanirudishia kwa kiwiko, jino likanitoboa mdomo. Mama alikuwa chini, anakusanya maji kwa kitambaa.

Kliniki iliyofuata nilikwenda naye. Nesi aliomba kuiona dawa yenyewe, mama akaifungua kanga yake. Nesi akaishika chupa, akaizungusha kiganjani.

"Mama, hii unaitunza wapi?"

"Kwenye friji, mwanangu."

"Friji linawaka?"

"Linawaka mchana."

Nesi akanitazama mimi. Akazitupa zile chupa kwenye pipa, akaenda kutuletea nyingine. Akatueleza polepole kwamba dawa iliyopigwa na joto inapoteza nguvu, na kwamba kwa muda wote ule huenda mama alikuwa anajichoma kitu kisichomsaidia. Akasema kama umeme unatushinda, tuchukue mtungi wa udongo, tuuzungushie mchanga wenye maji, tuuweke kivulini, dawa ndani yake itapoa. Mama aliitikia kila neno. Njia nzima ya kurudi alisema sentensi moja tu. "Alininusa mdomo," alisema.

Jioni ile baba alirudi kutoka msikitini akaenda moja kwa moja kwenye soketi. Nikamwambia, baba, shikamoo, usilizime. Nikamweleza yote aliyosema nesi, na nilijitahidi kuyasema kwa heshima, Mungu ni shahidi. Akaniuliza nesi anajua nini kuhusu umeme. Akaichomoa plagi. Nikaichomeka. Akaichomoa, akavua mkanda, akanichapa nao shingoni, upande wa chuma. Nikaichomeka huku damu inanitiririkia kifuani. Akanishika nywele, akanigongesha kichwa kwenye mlango wa friji, mara ya kwanza, mara ya pili, na mle ndani nikasikia vitu vikianguka, nikajua ni chupa mpya za mama.

Mchi ulikuwa kando ya kinu. Sikumbuki kuuokota. Nakumbuka uzito wake tu, na mkono wa baba ukinyooka tena kwenda ukutani, na mimi nikiushusha mchi juu ya mkono ule. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Baba akaangukia kabati la vyombo, sahani zote zikamfuata, naye akakaa katikati ya vigae anautazama mkono wake unavyoning'inia. Nilitaka kumpiga tena. Hilo nalisema wazi, nilitaka sana. Majirani ndio waliowahi kuninyang'anya mchi.

Walimpeleka akafungwa plasta. Chupa moja ilikuwa imevunjika, nyingine zilisalimika.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo shauri langu likamsubiri mjomba ashuke kutoka Matombo. Alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaketi sebuleni, akasikiliza. Akasema mtoto kumvunja mzazi mkono ni balaa, hata kama mzazi amekosa. Nikapigishwa magoti. Nikaomba radhi nikiwa nimeuma meno, na baba akaitikia kwa kichwa kunikubalia, mkono ameufunga shingoni kwa kanga ya mama. Hakuna aliyemwambia baba amwombe mama chochote. Mjomba akanywa chai, akaondoka mapema kabla njia haijaharibika kwa mvua.

Baada ya isha tulikuwa jikoni sisi watatu. Mama alikuwa anamenya ndizi za kupika kesho. Baba akasimama mlangoni, mpole, karibu anatia huruma.

"Mama watoto," akasema, "nesi si alizungumzia mtungi? Mchanga tunao, maji tunayo. Dawa itapoa bure. Hili tulipumzishe."

Lilikuwa neno la kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona mtungi mzuri sokoni. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaishika plagi.

Mama akainuka na kisu mkononi. Sijawahi kumwona mama akiinuka vile.

"Mtungi ni wa mtu asiye na umeme," akasema. "Mimi umeme ninao. Na kiwanja hiki ulichojengea ni cha bibi zangu, wala sijawahi kukukumbusha, leo nakukumbusha. Ichomoe. Ichomoe tuone nani atalala nje."

Ncha ya kisu ilikuwa usawa wa tumbo lake. Baba akanigeukia mimi, mimi aliyenitoa damu, akitaka nimsaidie. Mkono wake ukaachia, akaenda kulala bila kukiangalia kile kimashine chake. Mama akavuta kigoda, akakiegemeza kwenye mlango wa friji, akaketi, akaendelea kumenya.

Sukari yake sasa imeshuka. Macho hayakurudi. Daktari alisema yaliharibika muda ule ule dawa ilipokuwa haifanyi kazi, na yaliyoharibika hayarudi. Ndizi anamenya kwa kupapasa. Baba hajaligusa tena friji, ameapa hivyo mbele ya watu, na namwamini. Lakini kila siku baada ya isha mama huniuliza kama plagi iko ukutani. Nikimwambia ipo, husema ahsante mwanangu, kisha huinuka, hufuata ukuta kwa kiganja mpaka kwenye soketi, na kuishika mwenyewe.