Usingizi wa Kwao Loisi

Usingizi wa mtu mwingine unakuwashia nini? Jirani yangu hapa Itaka, Mama Ezron, aliupiga vita usingizi wa Loisi, mke wa mwanawe, na hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Kwetu mkamwana hufagia uwanja kabla mama mkwe hajatoka nje. Mama Ezron huamka jogoo la kwanza, na Ezron vilevile. Wakilala kidogo tu wameshiba. Loisi, hata akilala na kuku, jua lilimkuta kitandani. Akiamshwa mapema alishinda anayumba kama mgonjwa, ingawa akilala akashiba hakuna aliyemfikia kwa jembe. Akaitwa mvivu. Kina mama wa kanisa wakamwombea atokwe na pepo wa usingizi. Pepo hakutoka, maana hakuwepo.

Ezron akampeleka hospitali, nami nikafuatana nao kuwabebea mtoto wao, Nesta. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa.

"Kwenu nani mwingine analala hivi?"

"Baba. Na shangazi."

"Basi ndivyo ulivyozaliwa. Wapo wanaorithi kuhitaji usingizi mwingi, kama wengine wanavyorithi urefu. Mwacheni alale."

Loisi alirudi anacheka njia nzima. Akamsimulia mama mkwe yote, neno kwa neno, akidhani amepata wakili. Maskini! Alisahau kwamba huku, kabla ya kuposa, watu huchunguza ukoo: kuna kifafa? Kuna wazimu? Mvivu hukanywa, akabadilika. Jambo la ukoo halikanywi.

"Kumbe ni la damu!" akasema Mama Ezron. "Na siku ya posa mkatunyamazia?"

Wazee wakaitwa. Ezron aliinamisha kichwa tu. Nilitamani kumzaba kofi. Loisi akarudishwa kwao Ibaba, analia. Nesta akabaki, kwani mtoto ni wa baba.

Sasa Nesta amefikia umri wa kushika ufagio. Kila asubuhi nasikiliza ng'ambo ya ua. Enzi za Loisi, Mama Ezron alipiga kelele utadhani anawaita watu wa kijiji cha Nanyala. Siku hizi jua linachomoza, uwanja haujafagiwa, naye anamwamsha mjukuu wake kwa kunong'ona.

"Nesta, amka mama. Amka mjukuu wangu, watu watajua."