Goti la Baba na Mikono ya Mkwe

Baba aliangukiwa na marobota ya pamba akavunjika mguu, na plasta ilipotolewa goti likawa halikunjiki. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Alichotaka ni kimoja tu: achuchumae tena, akamue ng'ombe wake mwenyewe.

Aliyejua dawa yake alikuwa humo humo nyumbani. Mke wa kaka yangu, kabla ya kuolewa, alikuwa msaidizi hospitalini, akiwachua wagonjwa waliotoka kwenye plasta. Lakini kwetu Usukumani mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hata uji aliuweka chini akaondoka, ndipo Baba ainue bakuli. Na kaka alikuwa machimboni Geita.

Basi alinifundisha mimi, kwa kunichua mguu wangu, maana mashemeji tuna utani. Paja kwanza, mpaka misuli ilegee, ndipo goti likunjwe taratibu.

"Shemeji, mikono yako imezoea kalamu," alinicheka. "Hata unga wa chapati ungekukatalia."

Nilimchua Baba kwa samli ya uvuguvugu, shemeji akiwa nyuma ya ukuta, akisikiliza miguno na kunielekeza. Goti likaanza kutii. Kwanza Baba alikaa kwenye kigoda bila kunyoosha mguu mbele. Kisha asubuhi moja alishika nguzo ya zizi akashuka, karibu achuchumae kabisa. Sijamwona akitabasamu vile tena.

Chuo kikafunguliwa. Mikono ya Mama ilikuwa na baridi yabisi, haifinyi kitu. Nilimwomba Baba amruhusu mkwe wake amalizie kazi. Nilimuuliza nani aliyeitunga sheria hiyo, na kama mtu huyo aliwahi kuvunjika mguu.

"Umesoma sana, mwanangu," alisema. "Goti ni langu. Aibu ni ya ukoo mzima."

Shemeji alikuwa akisikia. Aliendelea kuchambua mchicha.

Niliporudi likizo iliyofuata, mguu ulikuwa umekakamaa kama mpini wa jembe. Shemeji ndiye aliyekamua sasa. Baba alisimama nje ya zizi, ameegemea fimbo, akitazama pembeni. Mama alimletea kibuyu, naye Baba akanywa maziwa mpaka mwisho, akafuta midomo.

Nilimuuliza Mama kama maziwa hayo hayakupita kwenye mikono ile ile ya shemeji.

"Nyamaza," aliniambia. "Kunywa yako."