Nilikula Chakula cha Mzazi

Mhariri, nakusihi ulifiche jina langu, maana jambo hili sijamwambia hata rafiki ninayekaa naye dawati moja. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na kwetu ni Mji wa Kale. Nilikula chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua, mpaka ndoa yake ikavunjika.

Wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua mtoto wa kiume. Kaka anafanya kazi ya samaki Liwatoni, na kila siku alileta pweza mkewe apikiwe supu, apate maziwa. Mama alipika, mimi nikapanda nayo ghorofani, kwa kuwa mzazi hashuki mpaka arubaini itimie.

Wiki ya kwanza tu wifi alishindwa kula. Alilia hata mtoto akiwa amelala. "Kila tonge nahisi nameza pamba," aliniambia. "Na huyu mtoto namwona kama amana, mwenyewe atakuja kumchukua. Kula wewe, wifi, vyombo visirudi na kitu. Mamako atanisema."

Nikala kwa kumwonea huruma. Mama alipoona bakuli tupu alimwambia jirani, "Yuwala kama kuli wa bandarini, kisha akikaa yualia! Yualia nini? Uvivu tu huo."

"Mzidishie pilipili manga kwenye uji, shoga," jirani akasema, "apate sababu ya kulia."

Wakacheka. Nami nikacheka nao.

Baadaye huruma iliisha, tamaa ikabaki. Nyumbani kwetu wanaume hula kwanza, sisi wasichana hupata mchuzi. Nikawa siifikishi tena ile supu chumbani. Nakaa ngazini, naila yote, kisha naingia na uji peke yake. Na nilikuwa najua nifanyalo. Mwalimu wa sayansi kimu alinisifu mbele ya darasa kwa nilivyoeleza lishe ya mama anayenyonyesha.

Ilipofika siku ya thelathini hivi, nilimkuta wifi ameinuka mwenyewe, ameketi kitandani. "Leo nahisi nitaweza," akasema. "Nipe supu kidogo."

Nilikuwa nimekwisha kuimaliza. Nikamwambia leo pweza hawakupatikana.

"Basi," akasema, akalala akielekea ukutani. Hakuomba tena.

Maziwa yakamkauka. Kaka aliniuliza mbele ya mama, "Wewe ndiye unayempelekea. Anakula au hali?" Nikajibu, "Anakula chote." Arubaini ilipotimia, siku ambayo wifi angetiwa hina na kufukizwa udi, kaka, akiamini mkewe amemkataa mtoto, alimpa talaka moja. Mama akamwambia, "Mtoto atabaki. Maziwa huna, akili huna, utampa nini?"

Jumamosi nilivuka feri kwenda kwao Likoni. Nilimkuta barazani, amekonda hata pete imehamia kidole gumba. Nikamkiria yote.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nikikusikia ukitafuna pale ngazini."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani?" Kisha akauliza, "Mwanangu anaishika chupa?"

Wasomaji, nilitaka kuwauliza kama nimweleze kaka. Lakini ukurasa huu hutoka mara moja kwa mwezi, na eda haingoji. Ikiisha, kaka hawezi tena kumrejea mkewe bila ndoa mpya. Kwa hiyo nishaurini jambo jingine: wifi akirudi, nitaingiaje chumbani mwake na chakula mkononi? Nimtazame usoni, au niweke nitoke?

Jana nilimfuata kaka Liwatoni nikamwambia mbele ya wenzake, maana nyumbani ningekimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono, akanipita bila kunitazama, akaenda kumchukua mtoto ampeleke Likoni kwa mamake. Mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, nikamwambia na mama.