Mkono wa Mama na Ile Jazi

Kwetu Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, ukisema jazi, watu wanasikia magitaa na viuno vinajibu. Kwa hiyo nilipotangaza kuwa filamu niliyotengeneza chuoni ni ya jazi, banda la video lilifurika mchana kweupe, na mwenye banda akaahirisha filamu yake ya karate. Mjomba, kaka yake mama, alikaa mbele kabisa akijivuna: mpwa wake kasoma.

Filamu yenyewe haikuwa na hadithi wala nyuso. Ilikuwa viungo vya mama tu, nilivyovipiga picha likizo iliyopita: kisigino, shingo, mkono ukitwanga muhogo, umeishia kwenye kiwiko. Juu yake saksafoni ilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Nilijiona fundi kweli!

Na mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepanda milimani Mbinga kuchuma kahawa ya watu, na habari zake zilikuwa kimya. Mwaka ule uvumi wa wachuna ngozi, wanaoua watu na kuuza viungo vyao, ulikuwa umetapakaa kote, hata mgeni mwenye begi alitazamwa mara mbili.

Kidole cha mama chenye kovu la panga la zamani kikajaa kioo kizima. Mjomba akasimama.

"Huo mkono wa dada yangu! Mwili uko wapi?"

Nikafungua mdomo nieleze sanaa. Sanaa! Ngumi yake ikanipata kwenye meno. Benchi likanishukia mgongoni, deki ikapasuliwa, mtu akanikanyaga shingo. "Kamuuza mamaye!" Wakaniburura mpaka ufukweni, wakanifunga kamba ya wavu shingoni, mwingine anatafuta jiwe la kunizamishia. Nilimlilia mama huku nikimeza damu na mchanga. Nilijua nakufa.

Lori lililotoka Mbinga likasimama barabarani. Mama akashuka, akasikia jina lake linatajwa, akapasua lile kundi kwa viwiko.

"Mkono huu hapa!" akauinua. "Mfungueni mwanangu!"

Mjomba akaachia kamba, akakaa chini akalia.

Mama aliniosha damu kwa maji ya ziwa, akataka kujua nimefanya nini. Nikamweleza kwa midomo iliyovimba: kisigino, shingo, mkono, muziki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanizaba kofi, kwa mkono uleule.

"Na uso wangu ulikukosea nini?"

Miaka mingi baadaye, tulipomzika mama, mjomba aliniomba picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Nilikuwa na nakala ya ile filamu tu.