Lango la Siku ya Mikaeli

Huku kijijini Harcombe, Septemba inapokwisha, siku ya Malaika Mikaeli, ng'ombe wa akina Tranter huingia malisho ya juu, chini ya mialoni mikongwe inayotazamana na madirisha ya Jumba. Babu yake Edwin Tranter alilifungua lango la malisho hayo, baba yake akalifungua, naye Edwin akalifungua tangu hajaota mvi. Wenye Jumba hupenda kusimama dirishani na chai yao, wakiwatazama ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe wakipita kwenye ukungu. Uzio hawautaki, eti unaharibu mandhari. Hata tawi likianguka huligusi bila ruhusa.

Ardhi si ya Edwin, ni ya Jumba. Mkataba wa kale uliwapa akina Tranter vizazi vitatu, na yeye ndiye wa tatu. Akifumba macho, Jumba litampa limtakaye. Ndiyo maana matumaini yote ya nyumba ile yalikuwa kwa Hester, binti yake wa pekee, aliyekuwa akizalisha ng'ombe tangu yuko shule ya msingi na sasa anaikaribia arobaini. Bwana Cheadle, msimamizi wa mali ya Jumba, alikuwa amekubali kwamba mwaka ule mifugo iwe mikononi mwa Hester. Novemba angekuja kuitazama, na akiridhika, shamba lingeandikwa jina la binti.

Lakini lilikuwepo jambo ambalo wazee walilifanya bila kulisema. Kabla ya ng'ombe, walitangulia nguruwe. Walikaa chini ya mialoni mpaka wamezila kokwa zote zilizodondoka, maana kokwa za mwaloni kwa nguruwe ni shibe, kwa ng'ombe ni sumu ya figo. Edwin aliwauza nguruwe majira ya baridi aliyofiwa na mkewe, Marian. Ndiye aliyewalisha, na baada ya kifo chake walikuwa wakimlilia kila asubuhi. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Miaka iliyofuata mialoni ilizaa kidogo, hakuna kilichoharibika, na mazoea yakamdanganya mzee.

Kisha likaja kiangazi kikavu. Nyasi ziliungua, mialoni ikazaa kupita kiasi, na usiku wa kuamkia Mikaeli upepo ukazipukutisha kokwa zikiwa bado mbichi. Asubuhi Hester alimkuta baba yake langoni, mkono kwenye komeo, ng'ombe wamejazana nyuma yake.

"Baba, usiwafungulie. Kokwa zimetapakaa kule kama changarawe."

"Leo Mikaeli."

"Mikaeli hatanuna tukichelewa wiki. Hawa wana njaa, watafakamia chochote."

"Babu yako hakuchelewa hata siku moja."

"Babu alikuwa na nguruwe!"

"Na mimi nina akili zangu. Shamba hujapewa, ushaanza kunipigia amri? Nipishe, mwanangu, watu wako dirishani."

Hester alimpisha. Ndivyo alivyolelewa, na hata leo hajajisamehe.

Wa kwanza kuugua, siku chache baadaye, alikuwa mtamba mmoja aliyejitenga, mgongo ameukunja, hataki maji. Hester aliwarudisha wote chini siku hiyo hiyo, lakini maji yalikwisha kumwagika. Daktari wa mifugo alikuja, akapapasa, akanawa mikono, akasema dawa hakuna. Walianza kunya damu. Walikufa mmoja mmoja, mitamba kwanza, kisha majike wenye mimba, na lori la mizoga likawa linapita barabara ile ile ya mbele ya Jumba, mchana kweupe. Edwin kila akiliona aliingia ghalani na kujifanya anatafuta kitu.

Bwana Cheadle hakungoja Novemba. Alikuja, akaketi jikoni, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nasikitika," alisema. "Ila lazima niulize. Dirishani, kwa ukungu ule, waliona ng'ombe tu, na Jumba linataka kujua nani aliwaingiza kule. Mpangaji akionekana hawezi tena kufuga, hata huo mkataba wa vizazi haumkingi asifukuzwe. Mnanielewa."

Walimwelewa. Edwin alizaliwa chumba cha juu ya jiko lile, na Marian alifia humo humo. Alitazama mikono yake. Alijua la kusema. Lilikuwa limemkaa mdomoni tangu mtamba wa kwanza.

"Ni mimi," akasema Hester. "Nilifungua mimi."

"Wewe?" Cheadle alimgeukia mzee. "Ni kweli, Bwana Tranter?"

Hester hakumtazama baba yake, ili asimlazimishe. Mzee angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Lakini hofu ikikuingia uzeeni hukuvua utu wote.

"Nilimwambia asubiri wiki moja," akasema Edwin. "Hasikii."

Hapo Hester akamtazama. Mara moja tu. Kisha akainuka, akakusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevimaliza, akaenda kuviosha.

Krismasi haikumkuta nyumbani. Sasa anakamua ng'ombe wa watu huko kaskazini, na shamba limeahidiwa mtu mwingine, siku Edwin atakapoondoka. Nyumba mzee amebaki nayo, kama alivyotaka. Kwenye malisho ya juu wanalishwa kondoo wa jirani. Ijumaa akiingia baa, wenzake humsogezea kiti.

"Pole, Edwin. Watoto wa siku hizi hawaambiliki."

"Hawaambiliki," huitikia, na kunywa bia yake.