Kwaya ya Mama na Mizani ya Bwana Kilo

Wenzangu mliosoma enzi za Zaïre, ninyi mtanielewa haraka. Watoto wa leo wa Bruxelles, huku Ubelgiji, ukiwaambia darasa lilikuwa halina umeme, wanauliza simu zilichajiwa wapi. Sisi, kwenye mlima wetu juu ya ziwa Kivu, tulikuwa na ubao uliofifia, harufu ya kahawa iliyoanikwa ikiingia dirishani, na Père Jef, padre aliyekuwa mwalimu wetu.

Père Jef alikuwa mmisionari Mflamandi, mtoto wa mkulima, mrefu kiasi kwamba kila asubuhi aliinama mlangoni na kila asubuhi aligonga kichwa. Kitabu cha historia kilijaa wafalme. Yeye alikifunga, akatusimulia wakulima wa Amerika wa siku za babu yake. Walilima ngano na pamba, alisema, lakini gari-moshi lilikuwa la tajiri huyu, ghala la tajiri yule, na bei waliipanga matajiri peke yao. Basi wakulima wakaanza kukutana mashambani, na wake zao na watoto, na chakula na nyimbo. Wakajenga maghala yao, wakauza pamoja, mwishowe wakaunda chama cha siasa wakaenda kuomba kura.

"Walishinda, mon père?" tuliuliza.

"Mahali pengine. Kura kubwa ya nchi nzima, hapana. Lakini waliowashinda walichukua mawazo yao baadaye, moja moja, wakayafanya sheria. Na hawakusema asante."

Wakati wa mapumziko tukacheza Amerika. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona gari-moshi, kwa hiyo la kwetu lilikuwa na pembe na lililia kama ng'ombe. Wakubwa walikuwa gari-moshi. Sisi wadogo, wakulima, tulikalia magunia ya majani, tukipiga kelele: "Leo hatuuzishi!" Nilirudi nyumbani sauti imenikauka.

"Nani hauzishi?" mama aliuliza, akigeuza kahawa kwenye mkeka.

Nilimweleza yote, nikidhani atacheka. Hakucheka. Kahawa ya mlima mzima ilinunuliwa na mtu mmoja, mwenye lori la pekee lililoweza kupanda barabara yetu. Tulimwita Bwana Kilo, kwa sababu mizani yake ilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Gunia lililompinda mama mgongo njia nzima, likifika kwa Bwana Kilo liligeuka unyoya.

Mama akaanza kuita majirani. Chefu wa kwetu, ambaye Bwana Kilo alilala kwake kila alipopanda, akakataza mikutano yote isipokuwa ya kanisa. Atakayekaidi alijua cachot iko wapi: chumba cha mawe kisicho na dirisha, nyuma ya ofisi ya chefu. Kwa hiyo mama akaanzisha kwaya.

Kwaya ile haikuimba. Ilikaa kanisani baada ya misa, milango wazi, ikikubaliana: hakuna atakayeuza peke yake, kahawa yote itawekwa darasani kwetu, na itapimwa kwa mizani ya zahanati, ile iliyopima watoto wachanga. Sisi wanafunzi tukasomea nje, tukiwaombea wazazi mgomo usiishe.

Lori la Bwana Kilo lilipanda, likashuka tupu. Jumapili iliyofuata chefu mwenyewe aliingia kanisani, akakaa benchi la mbele.

"Mama Furaha," alimwambia mama, "nasikia muko munafanya répétition ya nyimbo kila siku."

"Ndiyo, chef. Tunaimbaka."

"Bon. Muimbe sasa."

Sauti ya mama ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Papa, baba yangu, alitazama viatu vyake, nami nikatazama mikono ya papa, nikifikiria chumba kile cha mawe. Kisha mama akaanza, kwa wimbo wa matoleo ambao kila mtu aliujua, lakini maneno aliyatunga palepale. Alimwomba Mungu afungue macho ya mizani. Wengine wakaitikia, kila mmoja na njia yake. Mbwa aliyelala mlangoni aliinuka akaondoka. Wakaendelea kuimba: migongo, magunia, barabara wakati wa mvua. Na sauti moja ya kizee ikawapita wote. Chefu akageuka. Alikuwa mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa na kahawa yake, na alikuwa ameingia kwaya bila kumwambia mwanawe.

Chefu alingoja wamalize.

"Munaimba mubaya sana," alisema polepole. "Maman, twende nyumbani."

Hakuna aliyefungwa. Soko lililofuata, kahawa ilipimwa kwa mizani ya watoto wachanga, Bwana Kilo akiwa amesimama pembeni kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Baadaye chefu alitangaza kwamba mizani yote ya mlima itakaguliwa, na kwamba wazo lilikuwa lake. Père Jef alicheka siku nzima. Wanawake wakaomba kiti kwenye baraza la chefu. Wakanyimwa, wakaomba tena.

Halafu vita vikatutawanya. Sasa tuko mitaa ya Bruxelles: wengine mko Forest, wengine Saint-Gilles kama mimi, orofa ya juu, ngazi zinatumaliza magoti. Majuzi wakulima wa huku walifunga barabara kwa trakta. Grâce, binti wa marehemu dada yangu, anayeishi kwangu na kusoma chuo, alinipigia simu kutoka uwanja wa Flagey, akiwa njiani.

"Tantine, bisi haitembei. Ni wakulima."

"Wanataka nini?"

"Sijui. Donc, nimewawekea cœur kwenye video."

Nilimwambia trakta haili cœur, vile vimoyo vya kwenye simu, ashuke akawaulize. Nilidhani nimemtania tu. Alirudi jioni, viatu vyake vyeupe vimejaa matope, akaketi jikoni bila kugusa simu.

"Tantine," aliuliza, "kwetu kulikuwaka shamba?"

Niliweka sufuria chini, nikaanza kumsimulia mlima wetu. Kwetu sisi, mimi na ninyi mnaosoma haya, hakuna mtoto aliyehitaji kuuliza swali hilo. Udongo wa shamba ulikuwa chini ya kucha zetu.